Nusu usanisi, nusu protini: orodha ya makala kama hii isomweje?

Swali: "Shikamoo Daktari. Nina shahada ya uzamili ya kemia na sasa natafuta msimamizi wa uzamivu. Nimempata mmoja ambaye orodha yake ya makala inanichanganya. Zipo za kemia ogania tupu, za usanisi (kuunda molekuli) na kupima mazao ya mimenyuko, halafu zipo za proteomiki, yaani uchunguzi wa protini nyingi kwa pamoja, zenye waandishi ishirini au thelathini. Mwenzangu mmoja anasema mtu wa namna hiyo hana fani, anarukaruka tu. Mwingine anasema faharisi yake ya h, kile kipimo cha manukuu, ni 34, kwa hiyo niache maswali. Kazi za mtu kama huyu nizisomeje, na nitajuaje kama kweli anazijua fani zote mbili?"

Marahaba. Mwenzako wa kwanza amekosea historia, wa pili amekosea hesabu. Nianze na wa kwanza, maana hoja yake ndiyo yenye uzito.

Anayeona ajabu kukuta kemia ogania na protini katika orodha moja ajiulize ni nani walioanza kuzisoma protini. Frederick Sanger alipoupanga mfuatano wa asidi amino za insulini kule Cambridge, silaha yake ilikuwa kitendanishi kiitwacho fluorodinitrobenzini. Kinang'ang'ania ncha ya mnyororo wa protini na kubaki hapo hata mnyororo wenyewe ukivunjwavunjwa kwa asidi, na kwa kuwa kinatoa rangi ya manjano, kipande kilichokishika unakifuata kwa macho. Kazi hiyo ilimpatia Nobeli ya Kemia ya mwaka 1958. Pehr Edman naye, mwaka 1950, alichapisha mmenyuko wa fenili isothiosianati unaong'oa asidi amino moja tu kutoka nchani na kuziacha nyingine salama, kisha unarudia, kisha unarudia tena. Kwa miongo kadhaa, aliyetaka kujua protini imepangwaje alipitia kwa Edman. Wote wawili walikuwa wakifanya kemia ogania. Molekuli waliyoishughulikia tu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko kawaida.

Mashine ndizo zilizokuja kuzitenga fani hizi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 John Fenn alionyesha jinsi ya kuipeleka protini nzima hewani ndani ya matone yenye chaji bila kuivunja, na Koichi Tanaka, mhandisi wa kampuni ya Shimadzu huko Japani, akaonyesha njia nyingine ya kufika hapohapo kwa kutumia leza. Walipewa Nobeli mwaka 2002, pamoja na Kurt Wüthrich aliyepewa kwa kazi zake za NMR, mbinu ya kusoma umbo la molekuli kwa sumaku. Tangu wakati huo ukiingia maabara ya proteomiki unakutana na spektrometa ya tungamo, mashine ya kupimia uzito wa molekuli, na safu za kompyuta, huoni chupa za usanisi wala vipoozeo. Ndipo ikajengeka dhana kwamba mkemia wa usanisi hana kazi mahali pale.

Anayo, tena nyingi. Spektrometa inapima kitu kimoja tu, uwiano wa tungamo kwa chaji. Haijui kama peptidi (kipande cha protini) iliyoingia imetoka kwenye seli nzima au iliyougua. Haijui kama kimeng'enya kilikuwa kazini au kimelala wakati seli ilipopasuliwa. Habari kama hizo lazima mtu aziandike juu ya molekuli yenyewe, kwa namna ambayo mashine itaisoma kama tungamo, na mtu huyo ni mkemia.

Tazama kitendanishi kilichoitwa ICAT, ambacho Ruedi Aebersold na wenzake walikichapisha mwaka 1999. Upande mmoja kina kundi tendaji linaloshika salfa ya sisteini, mojawapo ya asidi amino. Upande wa pili kina biotini, ambayo hunaswa kirahisi na protini ya avidini. Katikati kuna kiungo chenye hidrojeni nane, ambazo katika toleo zito zimebadilishwa kuwa deuteri, yaani hidrojeni iliyo nzito zaidi. Sampuli moja inapewa toleo jepesi, nyingine toleo zito, kisha zinachanganywa. Mashine inaiona kila peptidi yenye sisteini mara mbili, vilele viwili vikiwa vimepishana dalitoni nane (dalitoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) kwa kila sisteini, na uwiano wa vilele hivyo ndio uwiano wa protini katika sampuli zile mbili.

Kwenye karatasi haina doa. Kwenye safu ya kromatografia, inayotenganisha peptidi kabla hazijafika kwenye mashine, ikaonekana kwamba deuteri haina tabia ileile ya hidrojeni: peptidi nzito ilitangulia kidogo kutoka, nyepesi ikafuata nyuma. Vilele viwili vilivyotakiwa kulinganishwa vikawa vinafika kwenye mashine kwa nyakati tofauti. Hilo hulitibu kwa takwimu ukaridhika. Lilitibiwa kwa usanisi: toleo lililofuata liliweka kaboni-13 (kaboni nzito) tisa mahali pa deuteri nane, likapewa na kiungo kinachokatika kwa asidi ili mzigo wa biotini usiende kuchafua spektra. Makala ya marekebisho ya aina hiyo ukiikuta katika orodha ya mtu, kichwa chake hakitakuvutia hata kidogo. Mimi huanza na hizo. (Vitendanishi vya TMT, vilivyoingia mwaka 2003 na ambavyo leo hulinganisha sampuli 18 au zaidi kwa mkupuo mmoja, vimetoka katika wazo hilohilo la kuandika habari kwa isotopu, yaani atomu za elementi moja zenye uzito tofauti, sitakaa hapo.)

Mfano wa pili unamhusu Benjamin Cravatt na kundi lake, ambao pia mwaka 1999 walionyesha jinsi ya kuvua vimeng'enya kwa kufuata kazi vinayoifanya. Molekuli yao ichukulie kama mshipi wa mvuvi. Kundi la fluorofosfonati ndilo chambo, na ni chambo cha kuchagua: kinadakwa na asidi amino iitwayo serini iliyo katika kitovu cha kimeng'enya kinachofanya kazi, na kimeng'enya kilichozuiwa hakikigusi. Kiungo kirefu ndio uzi. Biotini ndiyo boya unalolishika ili uvute ulichonasa. Binadamu ana zaidi ya vimeng'enya 200 vya ukoo huu wa hidrolasi za serini, na kwa molekuli moja unaweza kuuliza ni vipi kati yake viko kazini ndani ya tishu fulani.

Shida ya boya ni ukubwa wake. Biotini pamoja na uzi wake huifanya molekuli ishindwe kupenya vizuri ndani ya seli hai. Wakemia wakaja na ujanja: ondoa biotini, weka alkini, kishikio kidogo cha kaboni mbili ambacho protini nyingi haziuhisi uwepo wake, iache molekuli iingie na kushika inachoshika, halafu baadaye, seli zikishapasuliwa, unganisha biotini kwenye kishikio kwa mmenyuko wa azidi na alkini unaochochewa na shaba. Hiyo ndiyo kemia ya kliki, iliyowapa Morten Meldal na Barry Sharpless Nobeli ya mwaka 2022 pamoja na Carolyn Bertozzi, aliyetengeneza njia isiyohitaji shaba ili mmenyuko ufanyike hata ndani ya seli hai, kwa kuwa shaba ni sumu kwake.

Sasa rudi kwenye orodha yako. Usihesabu makala za upande huu na za upande ule. Tafuta molekuli. Chukua makala ya usanisi ya mwaka fulani, angalia picha ya kiwanja kikuu, kisha angalia kama kiwanja hicho, au nduguye mwenye alkini iliyopachikwa ubavuni, kinajitokeza tena miaka miwili mitatu baadaye katika makala ya proteomiki. Kikijitokeza, huyo mtu harukiruki: anaunda chombo, kisha anakitumia. Orodha yake inaonekana ya watu wawili kwa sababu majarida ya usanisi na majarida ya proteomiki hayakai rafu moja.

Kama hakuna molekuli hata moja inayovuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, tazama miaka. Wapo wengi waliofanya uzamivu katika usanisi, wakaenda kwenye proteomiki baada ya hapo, wasirudi. Orodha yao inakatika sehemu mbili kwa mwaka unaoweza kuuwekea kidole. Si aibu yoyote, wamebadili fani kama watu wazima. Ila kwako jambo hilo lina maana kubwa, kwa sababu kama usanisi wake wa mwisho ni wa miaka kumi na tano iliyopita, hakuna atakayesimama nawe kwenye kabati la hewa, pale mimenyuko inapofanyikia, kukufundisha kwa nini mmenyuko wako umegoma.

Na kama zote mbili zinaenda sambamba mwaka kwa mwaka bila kugusana, kuna uwezekano wa tatu: mtu ana fani moja, na ile nyingine ni huduma anayotoa kwa wenzake. Hapo nafasi ya jina lake itakueleza. Katika fani zote hizi mbili, kwa desturi mwandishi wa kwanza ndiye aliyefanya kazi ya mikono, wa mwisho ndiye mwenye maabara, na nyota ya mawasiliano huwa kwa yule anayebeba dhamana ya kazi nzima. Makala ya usanisi huwa na waandishi wanne watano, kwa hiyo hata wa katikati ana kazi unayoweza kuionyesha. Katika makala ya proteomiki yenye watu thelathini, wa kumi na saba anaweza kuwa ndiye aliyetuma tishu, au aliyeendesha mashine wiki mbili. Siku hizi majarida mengi huchapisha maelezo ya nani alifanya nini, mara nyingi kwa mfumo wa CRediT wenye majukumu 14. Yasome, ni mistari mitatu minne tu. Jina lake likiwa kila mara chini ya "vifaa" na "uchunguzi", halipo kamwe chini ya "wazo" wala "usimamizi", umeshajibiwa. Hakikisha vilevile kwamba makala zote ni zake: watu wenye majina yanayofanana huchanganywa kila siku, na namba ya ORCID yenye tarakimu 16 iliwekwa mwaka 2012 kwa ajili ya tatizo hilo.

Sasa mwenzako wa pili na ile 34. Faharisi ya h ilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, na maana yake ni kwamba mtu ana makala 34 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 34. Haisemi alikuwa mwandishi wa ngapi. Haisemi alinukuliwa kwa kusifiwa au kwa kukosolewa. Haipungui kamwe, hata akiacha kazi leo. Hirsch mwenyewe aliandika katika makala ileile kwamba namba moja haiwezi kutoa zaidi ya picha ya juujuu ya mtu mwenye pande nyingi. Watu walichukua namba, onyo wakaliacha mezani.

Kwa mtu mwenye orodha ya mchanganyiko kama huyu wako, namba hiyo inazidi kuharibika, kwa sababu fani hizi mbili hazinukuliani kwa kasi moja. Usanisi ni kazi ya taratibu. Vitamini B12, iliyokamilishwa na kundi la Robert Woodward na la Albert Eschenmoser mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilichukua zaidi ya muongo mzima na mikono ya watafiti wapatao 100. Kazi ya kawaida haifiki huko, lakini hesabu yake inatisha vilevile: hatua kumi na mbili, kila moja ikizaa asilimia 80, mwisho unabaki na takriban asilimia 7 ya ulichoanza nacho. Mwanafunzi anaweza kutumia miaka mitatu akapata makala moja itakayosomwa na watu mia wanaoijua kazi hiyo. Upande wa protini, kinyume chake, makala ya mbinu inaweza kunukuliwa na kila anayeitumia, hata asiyeifungua. Makala ya Oliver Lowry ya mwaka 1951 kuhusu kupima kiasi cha protini ilikuwa imenukuliwa zaidi ya mara 300,000 kufikia 2014, na ikatajwa mwaka huo kuwa ya kwanza kwa kunukuliwa katika sayansi yote. Ya pili na ya tatu katika hesabu ile, ya Laemmli ya 1970 na ya Bradford ya 1976, nazo ni mbinu za protini. Kwa hiyo inawezekana kabisa kazi bora za huyo mtu ni zile zenye manukuu kumi na mawili, na zinazoinua faharisi yake ni zile alizokuwa wa kumi na saba. Na kumbuka Tanaka: alipopewa Nobeli hakuwa na shahada ya uzamivu, na nje ya fani yake hakuna aliyekuwa akimjua.

Basi tufike kwenye swali lako lenyewe, la kujua kama anazijua zote mbili. Kuna sehemu moja ambapo fani hizi zinakutana kwa namna ambayo anayejua moja tu lazima ateleze.

Kabla ya kuiweka sampuli ya protini kwenye mashine, sisteini huzibwa ili zisirudi kuungana zenyewe kwa zenyewe. Kitendanishi kilichozoeleka ni ayodoasetamidi, nacho huongeza dalitoni 57.0215 kwa kila sisteini. Kisha protini hukatwa vipande kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata baada ya asidi amino za lisini na arginini. Mpaka hapo ni kazi ya kila siku ya maabara, hakuna anayeifikiria mara mbili.

Sasa tuseme unatafuta yubikwitini, protini ndogo ya asidi amino 76 ambayo seli huipachika juu ya lisini ya protini nyingine, mara nyingi kama alama kwamba protini hiyo ikavunjwe. Mkia wake unaishia kwa arginini, glisini, glisini. Tripsini ikikata baada ya ile arginini, glisini mbili zinabaki zimening'inia kwenye lisini, na lisini hiyo inakuwa nzito kwa dalitoni 114.0429. Kwa hiyo unaiagiza programu: nitafutie kila lisini iliyoongezeka 114.0429. Inakuletea mamia.

Lakini ayodoasetamidi haina adabu ya kuishia kwenye sisteini. Ukiiweka nyingi, au ukaipa joto, au ukaiacha muda mrefu, itaishambulia na lisini pia, na inaweza kuishambulia mara mbili. Zidisha 57.0215 kwa mbili. Unapata 114.043, na ukiongeza desimali bado hutaona tofauti yoyote, kwa sababu nyongeza zote mbili zina atomu zilezile kwa idadi ileile: kaboni nne, hidrojeni sita, naitrojeni mbili, oksijeni mbili. Nunua spektrometa kali kuliko zote, haitakutenganishia vitu vyenye fomula moja kwa kuvipima uzito. Jambo hili lilionyeshwa wazi mwaka 2008 katika jarida la Nature Methods, na dawa iliyopendekezwa ilikuwa kubadili ayodoasetamidi na kuweka kloroasetamidi. Sababu yake imo katika somo la kwanza la kemia ogania: ayodini huachia kaboni kwa wepesi kuliko klorini, kwa hiyo kitendanishi chenye klorini ni kipole zaidi, kinaishika sisteini na kuiacha lisini.

Fungua basi makala zake zinazohusu yubikwitini au mabadiliko yoyote ya lisini, za baada ya 2008, nenda kwenye sehemu ya mbinu, utafute kitu kimoja: sisteini zilizibwa kwa nini, kwa kiasi gani, kwa muda gani na kwa joto gani. Ukikuta kloroasetamidi, au ayodoasetamidi ya kipimo kidogo pamoja na sampuli ya kulinganishia ambayo haikuzibwa kabisa, huyo anajua anachoshika. Ukikuta ayodoasetamidi imemwagwa kwa mazoea, na orodha ndefu ya "maeneo mapya ya yubikwitini" inafuata, basi kemia yake imekaa kwenye wasifu wake, haijafika kwenye meza ya kazi. Kama hana makala za lisini, fanya hivyohivyo na molekuli zake za kuvulia. Je, alitengeneza pacha wake asiye na chambo, ili aone ni protini zipi zinanata tu bila sababu? Je, aliziloweka seli kwanza kwa kizuizi kisicho na boya, akaonyesha kwamba ishara inazimika? Asiyefanya hayo ana orodha ya protini nyingi zinazopatikana kwa wingi katika kila seli, basi.

Ubora wa kila upande peke yake nao upimwe, ingawa hapa nitakwenda haraka. Kwa usanisi, usiishie kwenye makala, fungua faili la nyongeza. Spektra za NMR ziwepo zenyewe kama picha, siyo namba zilizochapwa tu, na uzitazame kati ya vilele: mstari wa chini ulionyooka mno kuliko inavyowezekana, au kiyeyushi kilichopotea kimiujiza, ni dalili ya mtu aliyefuta. Mazao ya asilimia 98 na 99 katika kila mstari wa jedwali pia yananipa mashaka, hasa kwa mimenyuko iliyofanywa kwa miligramu tano, ambapo mzani wenyewe hauna uhakika huo. Kuna jarida, Organic Syntheses, linalotoka tangu 1921, ambalo halichapishi utaratibu wowote mpaka urudiwe katika maabara ya mmoja wa wahariri. Jina lake likiwamo humo hata mara moja, lihesabie sana.

Kwa proteomiki, tafuta namba inayoanza na herufi PXD ikifuatiwa na tarakimu. Hiyo inamaanisha faili ghafi za mashine zimewekwa wazi katika mtandao wa ProteomeXchange, mara nyingi kupitia hifadhi ya PRIDE iliyoko Uingereza, na mtu yeyote anaweza kuzichambua upya. Makala za miaka ya karibuni zisizo na namba hiyo ziulize kwa nini. Angalia pia kiwango cha utambuzi wa uongo, yaani sehemu ya majibu yanayokubaliwa kimakosa, kimewekwa wapi. Asilimia 1 ndiyo desturi, lakini asilimia 1 ya peptidi siyo asilimia 1 ya protini. Ukiwa na utambuzi 50,000 wa peptidi, takriban 500 ni wa uongo, na wakati zile za kweli zinarundikana juu ya protini zilezile, za uongo hutawanyika, kila moja ikizua protini yake.

Hata wakubwa waliwahi kupigiwa kelele kwa hilo. Mwaka 2014 jarida la Nature lilichapisha kwa pamoja ramani mbili za awali za proteomu ya binadamu, yaani protini zake zote, moja ikidai protini za jeni 17,294 na nyingine 18,097. Muda si mrefu wakosoaji wakauliza: mbona humo mna vipokezi vingi vya harufu, ilhali tishu zilizopimwa hazikuwa za pua? Vipokezi hivyo ni kipimo kizuri cha uongo, kwa sababu havitarajiwi kuwapo kwa wingi mahali pengine. Leo Mradi wa Proteomu ya Binadamu unataka angalau peptidi mbili tofauti, kila moja ikiwa na asidi amino tisa au zaidi, ndipo protini mpya ikubaliwe kwamba imeonekana. Makala ya mtu wako ikitangaza protini mpya kwa peptidi moja ya asidi amino saba, unajua la kufanya.

Huhitaji kusoma makala zake zote. Chagua tatu: ya usanisi ambayo yeye ni wa mwisho, ya proteomiki ambayo yeye ni wa mwisho, na moja ambayo molekuli imevuka, kama ipo. Zisome pamoja na nyongeza zake, utumie wiki nzima ukihitaji. Kisha mwandikie kwa swali kuhusu jambo moja mahususi ulilolikuta humo, kwa mfano kwa nini aliweka kiungo kile chenye urefu ule. Msimamizi anayeijua kazi yake hujibu swali kama hilo kwa aya ndefu kuliko uliyomwandikia.

Omba pia kuzungumza na wanafunzi wake wawili bila yeye kuwapo, mmoja wa usanisi na mmoja wa protini, na uwaulize jambo lilelile: molekuli ikishatengenezwa, nani anaiweka kwenye seli, na nani anakaa mbele ya spektra? Katika makundi mengine anayeunda ndiye anayefuatilia mpaka mwisho. Katika mengine anakabidhi kichupa mlangoni na kusubiri jedwali lirudi, naye huhitimu akiwa na fani moja na jina lake kwenye makala za fani mbili. Na usisahau kuuliza muda wa mashine unagawanywaje, maana ukiwa wa tano kwenye foleni, tasnifu yako itamalizika siku spektrometa itakapopata nafasi.